Kumfundisha mtoto wa PP1 herufi kwa katoni, msasa na michezo ya nyumbani

Mwalimu wa Umoja (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wazazi na walezi, hamjambo.

Kila muhula unapokaribia kwisha, wazazi wa darasa langu la PP1, yaani mwaka wa kwanza wa shule ya awali hapa Kenya, huniuliza wanunue nini ili mtoto azijue herufi kabla ya kuingia PP2, mwaka wa pili. Wengi wao huwa wamekwisha kununua ile chati ya plastiki inayouzwa kando ya barabara za katikati ya jiji la Nairobi, yenye tufaha jekundu kwenye A na, kwenye X, ala ya muziki ambayo mtoto hajaiona na huenda asiione maishani. Jibu langu ni kwamba karibu kila kinachohitajika kimo ndani ya nyumba tayari, na kwamba pesa za chati zingefanya kazi zaidi zikinunua gundi na karatasi moja ya msasa.

Jambo la kwanza, hata hivyo, halihitaji gundi wala mkasi. Herufi ni alama ya sauti, na mtoto ambaye bado hajaisikia sauti yenyewe ndani ya neno hana sababu ya kuikumbuka alama yake. Kwa hiyo tunaanza kwa kinywa, tukiwa njiani au tukiosha vyombo: mmmaji, mmmeza, mmmoto. Ninaanza na sauti ambazo pumzi inaweza kuzivuta, yaani m, s, l, n na f, kwa sababu b, t na k hukatika mara tu zinapotamkwa, na mzazi anayejaribu kuzirefusha hujikuta akisema "baa" au "tii", naye mtoto akabaki akidhani kwamba irabu hiyo ni sehemu ya herufi. Pamoja na sauti hizo tano huja irabu zetu, a, e, i, o na u, ambazo katika Kiswahili zina uzuri wa kutamkwa vilevile popote zinapoandikwa.

Maneno ya mfano nayo yachaguliwe kwa sikio. Mtu, mti na mkono huandikwa kwa m, lakini m hiyo ni silabi nzima inayojisimamia, tofauti kabisa na ile ya maji au meza, na mtoto mwenye sikio zuri atakuuliza ni ipi iliyo ya kweli. Vivyo hivyo n ya ndizi na ya nguo imejishikiza kwenye herufi inayoifuata. Kwa siku za mwanzo tumia nazi na nanasi, ndizi itangoja.

Sasa tuje kwenye kazi za mikono, na hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wenzangu wengi. Kazi yoyote ya kufundishia herufi ninaipima kwa maswali mawili: je, kidole cha mtoto kimepita juu ya umbo la herufi, na je, kinywa chake kimeitoa sauti yake? Mtoto akikaa nusu saa akibandika pamba kwenye mchoro wa kondoo kwa sababu kondoo huanza na k, amejifunza kubandika pamba. Hakuna ubaya, vidole vyake vimepata mazoezi, ila tusimwambie mzazi kwamba siku hiyo tulisoma k.

Kifaa ninachokitegemea kuliko vyote ni herufi za msasa. Asili yake ni kwa Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa watu maskini wa San Lorenzo, Roma, mwaka 1907. Unachora herufi ndogo yenye urefu wa kiganja nyuma ya msasa, ukikumbuka kuichora kinyume ili upande wa mbele isomeke sawa. Kisha unaikata na kuibandika kwenye kipande cha katoni ngumu. Mtoto huipitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, akifuata njia ileile ambayo kalamu itafuata baadaye, huku akiitamka sauti. Ukwaruzo wa msasa humwonyesha mara moja anapotoka nje ya mstari, bila mtu mzima kumkaripia. Weka nukta ya rangi mahali pa kuanzia, na upige mstari wa rangi chini ya herufi ili ajue upande upi ni wa chini.

Neno moja kuhusu kubandika, maana wengi hupuuza hatua hii. Herufi za katoni zilizokatwa na kuachwa huru zinapendeza, lakini b iliyogeuzwa huwa d, ikipinduliwa huwa p, na n ikipinduliwa huwa u. Ukimpa mtoto wa miaka minne herufi asiyojua uso wake ni upi, umemtengenezea fumbo. Ibandike.

Kifaa cha pili ni trei ya mayai, na hiki nakipenda kwa sababu hesabu yake inakubali yenyewe. Trei ina vishimo 30. Ukiacha q na x ambazo hatuzitumii, na ukiihesabu ch kuwa moja, herufi zetu ni 24. Ongeza dh, gh, ng', ny, sh na th, trei imejaa. (Kh inabaki nje, lakini mtoto wa umri huu hatakutana nayo mara nyingi.) Andika herufi kwenye vifuniko vya plastiki vya chupa za maji na uandike zilezile ndani ya vishimo, kisha mtoto arudishe kila kifuniko nyumbani kwake akiitaja sauti. Usimpe vyote kwa pamoja. Anza na vitatu au vinne, na vishimo vingine uvifunike kwa gazeti. Vifuniko vya bati vya soda viacheni, kingo zake hukata.

Cha tatu ni dirisha la silabi. Chukua boksi tupu la majani ya chai, kata kadi ya ukubwa wa kiganja, uiandike m upande wa kushoto, na karibu nayo utoboe dirisha dogo. Kata ukanda mrefu wa karatasi, andika a, e, i, o, u kutoka juu kwenda chini, kisha upitishe ukanda huo nyuma ya dirisha. Mtoto anapouvuta, anaona ma, me, mi, mo, mu zikitokea moja baada ya nyingine, naye anagundua kwa mkono wake kwamba m haibadiliki. Kadi ikizoeleka, tengeneza nyingine ya b, ya l, ya k. Kadi mbili zikiwekwa sambamba, maneno huanza kujitokeza: mama, mimi, bibi, babu, lala, kaka. Nimewaona watoto wakishtuka kwamba wamesoma bila mtu kuwaambia kwamba wanasoma.

Mengine nayataja kwa kifupi. Unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, vijiko viwili vya mafuta na maji kidogo kidogo hadi ushikane: huo ni udongo wa kuchezea utakaokaa siku kadhaa ukifungwa vizuri. Siku ya chapati, mpe donge dogo aviringishe nyoka, amkunje awe s, kisha s ipikwe na kuliwa. Wanaotaka udongo halisi wafahamu kwamba ule mweusi wa upande wa Embakasi hujaa maji ukivimba na hupasuka ukikauka, kwa hiyo herufi zake zitavunjika. Ule mwekundu wa upande wa Kiambu huvumilia zaidi. Vibanio vya nguo vilivyoandikwa herufi huimarisha vidole vitakavyoshika penseli, na kamba ya kuanikia tayari unayo.

Karibuni kwa maswali na maoni.

---

Seremala wa Kayole

Mwalimu, shikamoo, na asante kwa somo hili. Naomba kuongeza kuhusu msasa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Mzazi akienda dukani aangalie namba iliyoandikwa nyuma: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. Namba 60 itamchubua mtoto ngozi, na 400 hataihisi. Aulize 120 au 150. Achague pia ule wenye mgongo wa karatasi, kwa sababu wenye mgongo wa kitambaa ni mgumu kukata kona ndogo kama za e na g. Asiukate kwa mkasi mzuri wa cherehani wa mama watoto, maana msasa huumaliza makali. Autumie wembe kutoka upande wa nyuma, na kazi hiyo ya wembe iwe ya mtu mzima mtoto akiwa amelala.

Katoni ikikosa ugumu, karakana nyingi hutupa vipande vya plaiwudi. Ukiomba kwa adabu utapewa bure, ila viparuzwe kingo kwanza.

---

Baba Pacha

Mwalimu, nimesoma yote mara mbili. Nina watoto wawili wa miaka minne na nusu, na nina maswali mawili. La kwanza, je, tuanze na herufi kubwa au ndogo? Kila ninachowaonyesha barabarani, kuanzia majina kwenye matatu hadi mabango ya maduka, kimeandikwa kwa herufi kubwa. La pili, mmoja wao huandika jina lake likiwa limegeuka kama linavyoonekana kwenye kioo, na bibi yao anasema ni kwa sababu hutumia mkono wa kushoto, hivyo alazimishwe kutumia wa kulia.

---

Mwalimu wa Umoja

Mzee, nianze na la pili kwa kuwa ndilo lenye haraka. Tafadhali asilazimishwe. Kugeuza herufi huwapata watoto wengi wa umri huo, wa kulia na wa kushoto, na kwa kawaida hupungua wanapofikia miaka sita au saba. Sababu yake inaeleweka. Tangu azaliwe, mtoto amejifunza kwamba kikombe ni kikombe mpini ukiwa kushoto au kulia, na kwamba paka anayeelekea mlangoni ndiye yuleyule anayeelekea dirishani. Macho yake yamefundishwa kuupuuza upande. Kisha sisi tunamletea b na d na kumwambia kwamba, kwa vitu hivi peke yake, upande ndio kila kitu.

Katika Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kugeuza herufi hizo mbili humgeuza baba kuwa dada. Ninachofanya ni kutozifundisha kwa pamoja. B hukaa peke yake kwenye msasa hadi mkono uizoee: kijiti kwanza kutoka juu kwenda chini, kisha tumbo. Wiki kadhaa baadaye huja d, ambayo huanza na duara na kumalizia kijiti. Mkono ukianza mahali tofauti, herufi huacha kufanana hata kama macho bado yanasitasita. Kuzipanga b na d ubavu kwa ubavu ili "aone tofauti" ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuzichanganya.

Kuhusu kubwa na ndogo: nyumbani fundisha ndogo, kwa kuwa kurasa za kitabu chochote atakachokifungua zimejaa hizo. Herufi kubwa ya kwanza anayostahili kuijua ni ile ya jina lake mwenyewe, na jina ndilo mwanzo mzuri kuliko yote, maana watoto huwahi kuzitambua herufi za majina yao kabla ya nyingine. Watengenezee pacha hao kila mmoja kadi ya jina iliyoandikwa kwa gundi nene na kunyunyiziwa mchanga, muibandike juu ya msumari wa kutundikia begi. Barabarani waache wawinde herufi kubwa. Mkikwama kwenye foleni ya Jogoo Road, mnachagua sauti moja tu, mathalani s, na mwenye kuiona kwanza kwenye ubavu wa matatu anaitamka. Hapo michoro ya matatu zetu, ambayo wengi huilalamikia, inakuwa ukurasa wa bure.

---

Shangazi wa Lang'ata

Nimefurahia uzi, lakini sikubaliani na kuanza na Kiswahili. Mpwa wangu alipopelekwa kuhojiwa kabla ya kupewa nafasi katika shule moja ya kibinafsi, aliulizwa herufi zote kwa Kiingereza, kwa mpangilio wa wimbo, na hakuna aliyemuuliza silabi hata moja. Mtoto wa Nairobi atasomeshwa kwa Kiingereza. Kwa nini tumzungushe? Tena, akijifunza kwamba a ni "a" na i ni "i", kisha mwalimu amwambie majina mengine kabisa, je, hatutakuwa tumemchanganya?

---

Mwalimu wa Umoja

Shangazi, hoja yako ni ya haki na wazazi wengi wanaishi nayo. Mahojiano ya aina hiyo yanapima kama mtoto amekariri wimbo, na wimbo unaweza kukaririwa jioni chache garini bila kuigusa kazi tunayoizungumzia hapa. Mwimbieni, hakuna hasara. Lakini mtoto anayeimba herufi 26 kwa mfululizo, ukimwonyesha k iliyo peke yake, mara nyingi hulazimika kurudi mwanzo wa wimbo na kuja nao polepole hadi aifikie. Anaujua mpangilio, na herufi yenyewe bado haijui.

Sababu ya kuanza na Kiswahili ni kwamba maandishi yetu ni mepesi kwa anayeanza. Watoto wanaosoma lugha ambazo tahajia yake hufuata sauti kwa ukaribu, kama Kifini na Kihispania, huwahi kusoma maneno kuliko wanaoanza na Kiingereza, ambacho herufi yake moja a ina sauti kadhaa. Mtoto akishaelewa jinsi herufi zinavyoungana kuwa neno, ameuelewa ujuzi wenyewe, nao humfuata akienda kwenye lugha ya pili. Haanzi upya. Mpango wa Tusome, ule wa serikali wa kufundisha kusoma, ulioenea katika shule za umma nchini kuanzia mwaka 2015, ulifundisha sauti za herufi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza sambamba, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote mwaka 2019 unataka mtoto wa PP1 na PP2 afundishwe kwa lugha ya eneo anamoishi. Katika mitaa mingi ya jiji hili, lugha hiyo ni Kiswahili.

Kuhusu kuchanganyikiwa, mtoto anayezungumza na bibi yake kwa lugha ya nyumbani, na dada wa kazi kwa Kiswahili na katuni kwa Kiingereza amekwisha kuzoea kwamba kitu kimoja kina majina zaidi ya moja. Mwambie wazi: hii inaitwa hivi shuleni, na husema hivi ndani ya neno. Jina na sauti. Atakuelewa. Wenye kuchanganyikiwa ni watu wazima wanaomfundisha jina siku moja na sauti siku nyingine bila kumwambia kwamba ni vitu viwili.

---

Mama wa Pipeline

Mwalimu, sisi tunaishi chumba kimoja, na mbali na huyu wa PP1 nina mdogo wa mwaka mmoja na miezi. Hivyo vifuniko, na maharagwe ambayo wazazi wengine hupangia herufi, vinanitisha. Pia mimi hutoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, kwa hiyo anayeshinda nao ni dada wa kazi, ambaye mwenyewe aliachia shule njiani na huona haya kuulizwa mambo ya kusoma. Je, kuna kinachotufaa?

---

Mwalimu wa Umoja

Mama, hofu yako kuhusu mdogo ni sahihi, na ningependa kila mzazi aisome. Kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu, chukua bomba la katikati la karatasi ya chooni: chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba, kwa hiyo kisiwepo sakafuni. Kwa kipimo hicho vifuniko vya chupa, maharagwe na vifungo vyote vinatoka. Maharagwe yana hatari ya ziada, kwani yakiingia puani au sikioni huvimba kwa unyevu na kuwa magumu kutoa. Nyumbani kwako tumia vitu vikubwa: herufi za msasa kwenye katoni za ukubwa wa kitabu, dirisha la silabi, na sinia lenye mchanga mkavu uliochekechwa, ambalo linawekwa mezani mdogo akiwa amelala na kurudishwa juu ya kabati. Baadhi ya wazazi huweka unga wa mahindi kwenye sinia hilo. Mimi siupendekezi, kwa bei ya unga na kwa adabu ya chakula.

Nje, kama mna ukumbi wa saruji mbele ya milango, kipande cha chaki kinatosha. Chora vyumba vya ule mchezo wa kuruka kwa mguu mmoja, na badala ya namba andika silabi, kila anayetua aitamke. Watoto wa majirani wataingia wenyewe, na wakubwa watawasahihisha wadogo bila kuombwa. Brashi kuukuu na kopo la maji pia hufanya kazi siku ya jua: mtoto anaandika s kubwa sakafuni, anaitamka, na inakauka kabla hajamaliza kuandika ya pili.

Kuhusu dada, usimkabidhi somo, mkabidhi mchezo. Chagua sauti moja ya wiki na umwambie neno moja tu la kushikilia, kwa mfano "wiki hii tunatafuta l." Wakichambua mboga, mtoto atafute chenye kuanza na l, wakianua nguo, kibanio chenye l ndicho cha kwanza kutolewa. Hilo halimhitaji awe amesoma sana, na nimeona wasaidizi wa nyumbani ambao wenyewe walirudia kusoma kupitia kadi hizi, bila mtu kuwaaibisha. Wewe ukirudi, hata kama umechoka, dakika tano za msasa kabla ya mtoto kulala zinatosha. Akianza kutazama pembeni, kunja kazi, hata kama ni dakika ya pili.

---

Baba Pacha

La mwisho, Mwalimu. Tutajuaje kwamba ni wakati wa kuongeza herufi nyingine?

---

Mwalimu wa Umoja

Changanya kadi alizonazo, mwonyeshe moja moja bila mpangilio, kwa siku mbili zisizofuatana. Akitoa sauti bila kusitasita siku zote mbili, ongeza mbili mpya, irabu zikitangulia kama hazijaisha. Akisita kwenye moja, irudishe kwenye msasa na usiongeze chochote juma hilo. Na wale pacha usiwapime pamoja, kwa sababu mwepesi wa kujibu atamjibia mwenzake, nawe utadhani wote wawili wanajua.